Swali Lisilopimika

"Swali hilo halina maana," Egon alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya ndoa Theres alitamani kumzaba mumewe kofi.

Vroni alikuwa amelala kitandani, blanketi limemfika kidevuni, nywele zimetawanyika kwenye mto wa hospitali. Alikuwa na miaka tisa, na alichouliza kilikuwa kimoja tu: "Baba, baadaye tutaonana tena?"

Hakuna aliyeuliza baadaye ya nini. Daktari alikwishawaambia wote watatu Jumatatu ile. Ni ugonjwa wa damu, dawa hakuna. Wiki mbili, zikizidi sana tatu. Theres alikuwa ameomba mtoto asiambiwe. Egon ndiye aliyekataa. Nyumbani kwao, alisema, hafichwi mtu ukweli.

Ndivyo alivyokuwa. Alifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Vienna, na kila Alhamisi jioni alikaa na wenzake kwenye mkahawa nyuma ya chuo, wakichambua sentensi moja moja kama watu wanaochambua dengu. Iliyoweza kupimwa, kwa macho au kwa chombo, ilibaki. Roho, umilele, kiini cha vitu, vyote vilitupwa pamoja na makapi. Metafizikia, walikuwa wakisema, ni ushairi uliovaa joho la elimu. Hata padri wa hospitali alipopita asubuhi ile, Egon alimuuliza kwa upole mbingu iko umbali wa kilomita ngapi, na maskini mzee yule akaondoka sala haijafika katikati.

Theres alimfuata mumewe dirishani alipoketi, shali shingoni, uso umemsawijika kwa siku hizi chache. Vroni alikuwa amefumba macho, kwa hiyo alinong'ona.

"Huyu si mwanafunzi wako. Neno moja tu, Egon. Litakupunguzia nini?"

"Nikimwambia nisichokijua, yote niliyomfundisha yatakuwa na thamani gani?" Sauti yake ilikuwa imechoka. "Sitaki neno la mwisho kati yetu liwe la uongo."

Theres alimwambia basi ukweli wake huo autie kwenye supu aunywe. Papo hapo akaona haya.

"Nawasikia," Vroni akasema, macho bado kayafumba. "Baba, na atomu je?"

"Atomu zimefanyaje?"

"Ulisema watu walizitaja miaka elfu mbili kabla hajatokea mtu wa kuzipima. Walijuaje?"

"Hawakujua."

"Wangekuja kwenu Alhamisi mngewafukuza."

Egon alikaribia kutabasamu. Akakiri kwamba wangewafukuza, tena bila hata kikombe cha kahawa. Akaanza kumweleza, kwa ile sauti yake ya darasani, kwamba ukitazama nyuma vizuri sayansi yenyewe mara nyingi ilianzia hapo, kwa watu waliosema jambo kabla ya kujua watalipima vipi. Halafu akakatika ghafla, kama mtu aliyeshusha mguu kwenye kidato cha ngazi kisichokuwapo.

"Kwa hiyo walisema tu," Vroni akasema.

"Walisema tu."

"Basi na wewe sema tu. Kupima tutapima baadaye."

Huko chini tramu ilipita ikikwaruza reli zenye theluji. Theres alimjua mtu huyu: hata mama yake mzazi alipokuwa akimuaga kituoni, hakuwahi kumwitikia "Mungu akipenda." Sasa midomo yake ilicheza mara mbili, sauti isitoke.

"Tutaonana," alisema mwishowe. "Tutaonana, Vroni wangu." Akalia mbele yao bila kujificha, na Theres akakishika kichwa chake akakilaza tumboni mwake, akakipapasa kama cha mtoto mchanga.

Kengele ya kumaliza muda wa kuwaona wagonjwa ililia ukumbini. Vroni akashuka kitandani, akavaa viatu, akafunga vifungo vya koti lake. Kisha akamkumbatia baba yake kiunoni, akamwinua polepole kutoka kitini, akamlaza pale alipokuwa amelala yeye.

"Nimekupashia kitanda chako joto," alimwambia, akamfunika.

Walipokuwa wakishuka ngazi, mkono wake mdogo umo ndani ya mkono wa Theres, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, unadhani sasa hofu imempungua?"