Tundu Langu

Mama alishapiga honi mara mbili. Likizo imeisha, na kashasema mwakani hatuji. Mimi bado nimekaa barazani kwa babu, miguu imejaa mchanga, namwangalia akishona wavu wake wa samaki.

"Nenda mjukuu wangu, kabla mama yako hajaimaliza hiyo honi."

Wavuvi wa pale, mtu akianza kuziba tundu, hakuna mwingine wa kuligusa mpaka alimalize mwenyewe. Nikachukua sindano ya babu ya mti, nikatafuta tundu kubwa kuliko yote, nikafunga fundo moja tu.

Babu akavua miwani. "Sasa hili nani atakuja kulimaliza?"

Nikamrudishia sindano. Honi ikalia tena.

Akaukunja wavu taratibu, akaenda kuutundika juu ya kitanda nilichokuwa nalalia.