Kidole cha Pili

"Mbu kaja kunyonya!"

Hivyo ndivyo kina mama wa wodi ya wagonjwa wa akili walivyompokea muuguzi, maana kila Jumatatu alikuja kuwatoa damu ya utafiti.

"Tena nimekuja na njaa," alijibu, akaketi kitandani kwa Mama Pacha.

Utafiti ulitaka kujua jinsi homoni za uzazi zinavyovuruga akili ya mzazi. Baada ya damu yalifuata maswali, na wiki sita mfululizo Mama Pacha alikwama kwenye lile lile: una watoto wangapi? Kila mara aliinua vidole viwili, na daktari akaandika kwamba bado hajakubali msiba. Pacha mmoja alikuwa nyumbani kwa bibi yake, akinyweshwa maziwa ya chupa. Mwenzake walimzika akiwa na siku tatu.

Muuguzi alichomoa sindano, akabandika pamba.

"Haya dada, lile swali letu. Watoto wangapi?"

"Nikijibu vizuri, nitarudi kwa mwanangu?"

Muuguzi, ambaye utani haukumwishia hata siku moja, leo ulimwishia.

"Daktari kasema hivyo."

Mama Pacha aliinua vidole viwili, akavitazama kitambo. Kisha kwa mkono wa pili akakishika kimoja, akakikunja taratibu, akakifunika kwa kiganja kama anayemkinga mtoto na baridi.

"Mmoja," alisema. "Andika haraka, Mbu, kabla huyu hajasikia."