Jina Karibu na Dirisha

Perpetua alisimama mbele ya ukuta wa kanisa la zamani, akaona weupe mtupu.

"Tumepaka chokaa, mama," katekista Gaudensi alisema kwa furaha. "Wageni wanaozungukia makanisa ya kale wanafika leo. Si pamependeza?"

Kwenye ukuta ule ndiko yalikoandikwa kwa mkaa majina ya watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, maana kitabu cha ubatizo hakikuwapokea. La mwanawe, karibu na dirisha, lilichaguliwa na kuandikwa na mtawa mpita njia, siku Perpetua alipokuwa hoi kwa homa ya uzazi. Miaka thelathini amekuwa akija kuligusa, tena mwanzo wake tu, akiogopa kulifuta.

Alilowesha pindo la kanga kwa mate, akasugua. Chokaa ikatoka, na mkaa ukatoka nayo.

"Acha, mama! Wewe niambie tu aliitwa nani, nimwandike upya sasa hivi."

Perpetua akautazama mkaa uliobaki kwenye kanga. Hakujua kusoma, na miaka yote hiyo aliona haya kuuliza. Mzazi gani asiyejua jina la mwanawe?

Nje gari la wageni likapiga honi. Gaudensi akachukua kipande cha mkaa kwenye chetezo. Perpetua akampokonya. Kidole chake kilikumbuka mwanzo ule wa jina: fimbo iliyosimama, kisha tumbo. Akachora fimbo. Akachora tumbo. Halafu mkono ukabaki hewani, na wageni wakaanza kuingia.