Magamba ya Sato

Kambale mdogo aliionea haya ngozi yake isiyo na magamba. Akaokota magamba ya sato aliyekufa, akayabandika mwilini kwa tope, akakunja sharubu zake chini ya kidevu, akaenda kuishi na watoto wa Mama Sato.

Siku moja mama yake akapita akimtafuta. "Mwanangu, hujamwona mtoto mwenye sharubu kama hizi zangu?"

"Sijamwona, mama," akajibu huku akitazama chini.

Punde fisi maji akazamia. Kama ilivyo desturi ya sato, Mama Sato akafunua kinywa na wanawe wakaingia humo kujificha. Kambale mdogo naye akaingia, lakini sharubu zikakunjuka, zikamtekenya Mama Sato kooni. Akamtema bila kusema neno, maana kinywa kilikuwa kimejaa.

Mama yake hakuwa amefika mbali. Akarudi mbio, akamfukia topeni chini ya tumbo lake mpaka fisi maji akaondoka. Magamba yote yalikuwa yamebanduka.

"Mama," mtoto akauliza kwa sauti ndogo, "pale nilipokujibu, ulinijua?"

"Nilikujua," akasema mama. "Nilidhani wewe ndiye hukunijua."