Macho Juu ya Kitambaa

"Macho yale nayajua," Nasimiyu aliwaambia polisi siku ile alipomtambua mshukiwa. Mwizi aliyevamia duka la vito ambalo Nasimiyu alililinda pale Al Sadd, Doha, alijifunika uso, akaacha macho tu.

Leo mahakamani, mwanasaikolojia alimweleza jaji kwamba mtu akishikwa na hofu, akili yake huweza kuchukua sura aliyoizoea kwingine na kuibandika kwenye tukio.

Jaji akamgeukia Nasimiyu. Mkalimani akatafsiri: "Dada, mshtakiwa umewahi kumwona mahali pengine?"

Alitaka kusema hapana. Doha hii anamjua nani? Hata jina lake hulisikia kwenye simu kutoka nyumbani tu.

Kule kizimbani, mshtakiwa aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo.

Kiganja kile. Kila alfajiri huko Muaither anakokaa, Nasimiyu akingoja basi la kampuni, mfagiaji mmoja aliyejifunga kitambaa usoni kuzuia vumbi, macho tu yakionekana, huacha ufagio wake na kumsalimu hivyo hivyo. Hakuna mwingine anayemsalimu katika mji huu.

"Dada," mkalimani akasema, "jaji anangoja jibu."

Mkono wa Nasimiyu ulikuwa tayari kifuani, ukiitikia.