Beji za Mzee Shantilal

Ting.

"Hiyo si beji," Shemsa akasema gizani. "Hiyo ni chuma cha pua."

"Ni kijiko changu cha chai," Jaffar akalalamika. "Mke wangu, naomba tuwashe taa nile. Samaki huyu ana miiba."

"Kula polepole. Angusha nyingine."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Desemba ya 2004, giza la majira ya baridi limekwisha kuingia, na mtaa wote wa Nechells ulikuwa na taa isipokuwa nyumba yao. Wiki ya tatu sasa walikuwa wakiishi hivyo. Jaffar anaangusha beji kuukuu za jeshi la Waingereza kwenye sinia, Shemsa anataja madini yake kwa sikio.

Yote haya kwa sababu ya kazi. Mzee Shantilal, Mhindi mzaliwa wa Tanga, alikuwa na karakana ndogo mtaa wa Hockley ya kununua na kuuza beji za kofia za askari wa zamani. Alitafuta msaidizi wa kuzichambua kwa madini, saa tatu na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu mchana. Saa za shule kamili! Shemsa alikuwa akitoka nyumbani saa tisa usiku kwenda kusafisha maofisi, na binti yake Safiya, wa miaka mitano, kila asubuhi aliamka akamkuta baba tu.

Habari za mtihani zililetwa na Séverin, jirani Mkongo wa ghorofa ya juu, aliyekwenda akashindwa.

"Ule papa, ule muzee, ni mukali, mama Safiya! Anafanya examen mu giza. Giza totoro! Anaangusha beji, anauliza, ni métal gani?"

"Hukumwuliza kwa nini hawashi taa?"

"Mimi? Niulize muzee vile? Mama yangu hakunizaa hivyo."

Wote watatu, Jaffar naye, wakakubaliana. Huendi kwa mtu mzima, nyumbani kwake, ukaanza kudai taa. Na sababu ilikuwa wazi: fundi wa kweli haamini macho, anaamini sikio.

Basi Shemsa akajifunza. Kitabu alikiazima kwenye maktaba ya chuo, alikokwenda darasa la jioni. Shaba ya manjano inalia kwa muda mrefu. Ile nyeupe inalia kwa ukali na kunyamaza ghafla. Alumini ya beji za karibuni inacheka kama kizibo cha soda. Na zile za plastiki za wakati wa vita, madini yalipokuwa adimu, zinasema tok, basi.

Ijumaa, baada ya shule, akaenda, amemshika Safiya mkono. Karakana ilikuwa chini ya ardhi, haina dirisha. Walishuka ngazi wakipapasa ukuta.

"Karibuni wawili," sauti ikasema kutoka chini, kabla hawajapiga hodi. "Moja iko mtoto."

Shemsa akasisimka. Kweli huyu ni bingwa wa masikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kiti iko mbele yako. Mwanga natosha?"

Shemsa akatabasamu. Mtego huo. "Unanitosha sana, mzee."

"Haya. Wote nasema hivyo."

Ting. "Shaba." Ting. "Ile nyeupe." Tining. "Alumini." Tok.

"Plastiki, mzee. Ya wakati wa vita."

"Shabash!" Mzee akapiga meza, beji zote zikaruka. "Sasa shika hii. Shaba, najua. Lakini ya zamani, au mpya ya kuiga? Ya zamani iko rangi ya asali. Ya kuiga iko njano kama limau. Niambie, rangi gani?"

Rangi, gizani! Kumbe hapa ndipo Séverin alipoangukia. Shemsa akaisugua beji kwa kidole. Akainusa. Akaigusisha ulimi. Akafikiria saa tisa usiku na kitanda cha mtoto.

"Asali."

"Wewe naona vizuri?"

"Naiona kabisa, mzee."

Mzee Shantilal akashusha pumzi ndefu. "Sauti hata mimi najua, binti. Watu wanne nimekaa hapo ulipo. Sauti nasema sawa, rangi nakosa. Hata mtu moja haikosi sauti! Angalia tena, polepole. Ukisema rangi ya kweli, Jumatatu unaanza."

Nyuma yao, karibu na mlango, kitu kikalia: tak.

Mwanga ukajaa chumba kizima. Shemsa akafumba macho kwa ukali wake, akayafumbua. Kiganjani mwake beji iling'aa njano, njano kama limau. Akainua uso kumtazama mzee, aibu imemjaa.

Mzee Shantilal hakupepesa hata ukope. Uso wake wa upole aliuelekeza kwenye kabati, hatua nzima kando ya Shemsa, akingoja jibu.

"Haraka hakuna," akaliambia kabati. "Mwanga iko ya kutosha."

Safiya, ambaye siku zote huambiwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, alikuwa bado amesimama kwa ncha za vidole, mkono kwenye swichi. Alimtazama mzee, akamtazama mama, kisha akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili mzee aelewe:

"Babu, taa nimeiwasha sasa hivi."