Zamu ya Kukosea

Leo ilikuwa zamu ya Kipanga kukosea.

Mwalimu alivuta kishikwambi cha Kipanga, akasoma swali la sehemu, akabonyeza jibu lisilo sahihi. Si jibu lolote tu. Kipanga ana pupa; akiona nusu na robo hujumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, kisha anatazama dirishani. Basi mwalimu naye akajumlisha hivyo hivyo. Akahamia dawati la pili. Mapacha akawapa kosa moja wote wawili, maana hao hata chafya huigana. Bi Mdogo akamwachia yote sahihi, ila la mwisho akalichelewesha, kwa sababu yule binti hurudia kusoma mpaka unatamani kumsukuma.

Wote wakipata, watu wa tathmini watanusa. Wote wakikosa, mradi wa vishikwambi utaondolewa. Uongo nao unataka kuonjwa chumvi.

Watoto wenyewe hawakuwepo. Machimbo ya kokoto yalipofungwa, wazazi walifuata kazi kwingine, nyumba baada ya nyumba, na watoto wakaondoka wamekalia magodoro juu ya malori. Mapacha walikuwa wa mwisho. Walipunga mikono pamoja, kama kawaida yao. Mwalimu akabaki na madawati, vishikwambi na paneli ya jua juu ya paa. Amri ya kufunga shule haikuja, naye hakwenda kuidai.

"Baba, huko unamfundisha nani?" binti yake alimuuliza kwenye simu. "Njoo ukae na wajukuu zako."

"Nina tathmini Ijumaa."

"Kila siku tathmini!"

"Sasa mwanangu, kazi si kazi?"

Hakumwambia kwamba ukweli ukijulikana, ile simu ya Ijumaa itakatika. Tangu mkewe afariki, hakuna mwingine aliyemuuliza siku yake ilikwendaje, kisha akasubiri jibu.

Mpigaji alikuwa Mama Tathmini, ofisa wa mradi. Alifika shuleni mara moja tu, siku ya kugawa vishikwambi, akamkuta mwalimu ameshika kimoja kichwa chini. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tangu hapo kazi yao ilikuwa ya simu.

"Mwalimu wangu! Nisomee matokeo, mtandao wa hapa ofisini umelala tena."

Akamsomea. Kwa mdomo mtupu asingeweza kudanganya. Ilibidi mashine zimtangulie.

"Kipanga tena? Huyo mtoto kakalia siafu?"

"Nimesema mpaka nimechoka, mama."

"Usiseme, mwonyeshe. Mpe picha ya chungwa lililokatwa vipande, aone kwa macho. Muhula ujao tuweke kwenye mpango: picha kwanza, hesabu baadaye. Halafu tupime tena. Unaonaje?"

"Naona vema. Na zile spika ulizoniahidi?"

"Zinakuja, zinakuja. Ofisi ni konokono, mwalimu."

Nyuma yake jogoo akawika.

"Mama, siku hizi ofisini mnafuga?"

"Wa mlinzi huyo! Kila siku namwambia ampeleke sokoni."

Wakacheka, wakapanga muhula mzima, nani akae na nani, nani aanze na mchezo, nani na zoezi, mpaka sikio la mwalimu likapata moto. Simu ilipokatika, darasa lilikuwa kimya kiasi cha kusikia bati likipanuka kwa jua.

Wiki ile aliamua kusema kweli. Kumfanya mtu mzima apange masomo ya watoto wasiokuwepo ni kumcheza shere. "Ijumaa namwambia," alijisemea akifuta vumbi la madawati. Akinuna, anune. Akinyamaza moja kwa moja, basi.

Ijumaa, kabla simu haijalia, pikapu ilisimama nje. Dereva akashuka na masanduku matupu.

"Shikamoo, mwalimu. Nimetumwa vishikwambi."

Mwalimu aliyatazama masanduku. "Marahaba. Amejua, sivyo?"

"Nani? Amejua nini?" Dereva alichungulia darasani, akaona madawati matupu, wala hakushangaa. "Shule zote za huku ndivyo zilivyo. Tufanye kazi, mzee, jua hili halina huruma."

Wakapakia. Kila kishikwambi mwalimu alikifuta kioo kwa shati lake kabla ya kukitoa, kama anayemfuta mtoto pua kabla ya safari.

"Msalimie mama," alisema mwishowe. "Mwambie nilitaka kumweleza mwenyewe, leo hii hii."

"Mama yupi?"

"Ofisa wa tathmini. Yule mwenye kicheko."

"Aa, yule!" Dereva alibamiza mlango wa nyuma. "Mzee, yule walimpunguza kazini zamani, siku ile ile mradi ulipokatwa. Mimi ndiye niliyembebea vitu vyake hadi nyumbani kwake, kwa gari hili hili. Mtoto wangu alikuwa hajazaliwa, sasa anakimbia. Ile ofisi yake tumeweka matairi, na vishikwambi ndio leo wanakumbuka kuvikusanya."

Pikapu ikaondoka na vumbi lake. Mwalimu alikaa kwenye benchi la mapacha. Simu ikalia.

"Mwalimu wangu! Nisamehe nimechelewa, mkutano ulikuwa mrefu. Ehe, niambie, darasa lipo?"

Mwalimu alitazama chumba pembe kwa pembe.

"Limejaa, mama," alisema. "Na huko ofisini?"

"Wacha tu," alijibu. "Watu tele, hata pa kukaa hakuna."